Kwa nini kuna ZBC mbili? Historia ya Televisheni Zanzibar kwa lugha nyepesi

Mtu akisema “ZBC wamempa onyo mwenye redio”, na mwenzake akajibu “ZBC si ndiyo redio na TV ya Serikali, itamwonyaje mwenzake?”, wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Zanzibar ina taasisi mbili ambazo majina yake ya Kiingereza yanafupishwa kwa herufi zile zile tatu. Moja ni Shirika la Utangazaji Zanzibar, lenye redio na televisheni. Nyingine ni Tume ya Utangazaji Zanzibar, inayotoa leseni na kusimamia maadili ya watangazaji wote. Ongeza hapo kwamba wazee bado wanaiita televisheni yenyewe “TVZ”, kwamba king'amuzi kinauzwa na watu wengine kabisa, na kwamba masafa yanagawiwa na mamlaka ya Muungano. Barazani hapo, ubishi hauishi.

Fundo linafunguka ukitenganisha vitu vitatu: studio, mnara na kibali.

Studio ni mahali vipindi vinapotengenezwa: kamera, taa, msomaji wa habari, mhariri. Mnara ni mtambo unaochukua picha hiyo na kuirusha hewani kama mawimbi. Kibali ni ruhusa, nayo ni ya aina mbili: ruhusa ya kutangaza na ruhusa ya kutumia masafa fulani. Mfikirie muoka boflo. Yeye anaoka, kijana wa baiskeli anapeleka madukani, na afisa wa afya anakagua. Kazi ni tatu. Mtu mmoja anaweza kuoka na kupeleka mwenyewe, au kila kazi ikawa na mwenyewe.

Kwa zaidi ya miaka 20 ya mwanzo, Televisheni Zanzibar ilikuwa muoka, mwenye baiskeli na mkaguzi, vyote chini ya paa moja la Serikali. Historia yake yote tangu hapo ni historia ya kazi hizo tatu kuachana.

Visiwani kwanza, Bara baadaye

TVZ ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wapo wanaohesabu 1973 na wapo wanaohesabu 1974, mwaka ambao Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalitimiza miaka 10. Mzee Abeid Amani Karume alikuwa ameshauawa, Aprili 7, 1972, na Rais alikuwa Aboud Jumbe.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana: kwamba TVZ ilikuwa televisheni ya kwanza Afrika. Haikuwa. Ibadan, Nigeria, walikuwa na kituo tangu 1959. Misri ilianza 1960, Kenya 1962 na Uganda 1963. Sifa ya Zanzibar ni nyingine, na ni kubwa kwa haki yake: ilikuwa televisheni ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Wakati huo Nairobi na Kampala bado zilitazama picha nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilikuwa haina televisheni kabisa, na iliizindua rasmi Januari 1976.

Iliwezekanaje visiwa viwili vidogo viwatangulie wakubwa? Sababu ya kwanza ni karafuu. Karafuu ndiyo iliyokuwa ikiiingizia Serikali ya Mapinduzi fedha za kigeni, na mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu husagwa na kuchanganywa na tumbaku kwenye sigara zao za kreteki.

Sababu ya pili ni kuchelewa. Walioanza mapema walikuwa wameshanunua kamera, mitambo na seti za picha nyeusi na nyeupe, na kuzitupa ilikuwa hasara. Zanzibar haikuwa na cha kutupa. Ni kama kaya nyingi za Afrika zilizoingia moja kwa moja kwenye simu ya mkononi bila kupitia simu ya mezani.

Sababu ya tatu, ambayo husahauliwa, ni jiografia. Unguja ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,660 hivi, na Pemba haifiki 1,000. Mnara mmoja mzuri unafunika duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 60, yaani eneo la kilomita za mraba zaidi ya 11,000. Unguja nzima inaingia humo na nafasi inabaki. Bara ina nchi kavu ya kilomita za mraba zaidi ya 880,000. Hata kama duara hizo zingepangika bila kupishana hata kidogo, ingehitajika minara karibu 80, na duara hazipangiki hivyo. Kisha kila mnara unataka umeme, barabara, mlinzi, fundi, na njia ya kuupelekea picha kutoka studio.

Kwa hiyo anaposimuliwa Mwalimu Nyerere kama mtu aliyeichukia tu televisheni, hesabu hii inaachwa nje. Hoja yake ilikuwa ya vipaumbele: televisheni ingekuwa anasa ya wachache wa mijini, wakati redio moja ya betri ilikuwa inamfikia mkulima Songea na mvuvi Ukerewe kwa siku moja. Mtu anaweza kubishana na hoja hiyo, na wengi walibishana. Lakini ilikuwa hoja ya kimahesabu, na Zanzibar mahesabu yake yalikuwa tofauti.

Na kwa nini Zanzibar iliweza kuamua peke yake? Kwa sababu utangazaji haumo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Rangi ilikuwa inasafirije

Mfumo uliotumika ni PAL, uliobuniwa na mhandisi Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken mwanzoni mwa miaka ya 1960. Picha ya PAL ina mistari 625, na picha kamili 25 hupita kila sekunde. Ndani ya mawimbi, mwanga na giza vinasafiri mahali pake, na rangi imepandishwa juu yake kwenye wimbi dogo la pembeni, karibu megahezi 4.43.

Mpangilio huu unajibu uvumi mwingine, kwamba bila seti ya rangi hukuweza kuipata TVZ. Uliweza. Chukua kanga: ina pindo, mji na jina. Asiyejua kusoma anaiona kanga yote, rangi zake na maua yake, ila lile jina ndilo halimwambii kitu. Seti ya nyeusi na nyeupe ilifanya hivyo hivyo: ilisoma mwanga na giza, ikaliacha wimbi la rangi lipite. TVZ ilirusha rangi tangu mwanzo, lakini si kila aliyeitazama aliiona rangi.

Ufundi wa PAL wenyewe unapendeza ukiuelewa. Mawimbi yakisafiri mbali huyumba, na yakiyumba rangi hubadilika: uso wa mtu unaweza kugeuka kijani. PAL hugeuza upande wa rangi kila baada ya mstari mmoja, kisha seti inachukua mistari miwili iliyofuatana na kutafuta wastani wake. Mpima karafuu mwenye mizani inayoegemea kulia anaweza kufanya vivyo hivyo: anapima mara moja, anabadilisha upande wa mzigo, anapima tena, anajumlisha na kugawa kwa mbili. Kosa la mizani linajifuta lenyewe. Kinachopungua kidogo ni ukolezo wa rangi, na hilo jicho linalisamehe.

Seti zilikuwa ghali, kwa hiyo nyingi zilitazamwa kwa pamoja, watu wamekaa chini mbele ya kioo kimoja. Matangazo yalikuwa ya saa chache za jioni, kwa Kiswahili: habari, taarabu, michezo ya kuigiza, filamu.

Kwa nini Dar es Salaam waliinasa

Katika miaka ya 1980 ilikuwa kawaida kuona Dar es Salaam antena zilizoelekezwa baharini, upande wa kaskazini. Walikuwa wanatafuta Unguja. Hakuna muujiza hapo. Kuna kanuni ambayo fundi yeyote anaweza kuipiga kwenye karatasi.

Mawimbi ya televisheni hunyooka karibu kama mwanga, na dunia ni mviringo, kwa hiyo mwisho wa mawimbi ni upeo wa macho uliosogezwa mbele kidogo. Chukua urefu wa antena kutoka usawa wa bahari kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12. Jibu ni umbali wa upeo kwa kilomita. Antena ya kurushia iliyo mita 200 juu ya bahari, kilima na mnara pamoja, inaona kilomita 58. Antena ya nyumbani iliyo mita 10 inaona kilomita 13. Jumlisha: 71. Sasa pima kwenye ramani kutoka mjini Unguja hadi katikati ya Dar es Salaam. Ni kilomita 73 hivi.

Ndiyo maana Dar es Salaam ilikuwa mpakani hasa. Mwenye nyumba ya ghorofa alipata picha, jirani yake wa chini akapata chenga. Kupandisha mlingoti mita mbili kulikuwa na maana. Bagamoyo, iliyo kilomita 45 hivi kutoka mjini Unguja, haikuhitaji shida hiyo.

Bahari ilisaidia kwa njia mbili. Kwanza, haina vilima wala majengo ya kuziba. Pili, kuna siku hewa ya joto hukaa juu ya hewa yenye unyevu iliyo baridi zaidi usoni mwa maji, na mpaka wa tabaka hizo mbili hupinda mawimbi na kuyafuatisha mviringo wa dunia. Siku kama hizo picha hufika mbali kuliko hesabu inavyosema, na kesho yake hali ya hewa ikibadilika hupotea. Watu walilaumu seti zao, au walidhani kituo kimepunguza nguvu. Ilikuwa hewa.

Antena yenyewe ilikuwa ya vijiti vya alumini, na vipimo vyake havikuwa vya kubahatisha. Kijiti kikuu, kile chenye waya, kinatakiwa kuwa karibu nusu ya urefu wa wimbi. Kwenye megahezi 200, wimbi moja lina urefu wa mita 1.5, nusu yake ni sentimita 75, na kwa kuwa kijiti chenye unene hufanya kazi kana kwamba ni kirefu kidogo kuliko kilivyo, fundi hukata 71 hivi. Kijiti cha nyuma huwa kirefu zaidi kwa asilimia 5, vya mbele vifupi zaidi kwa kiasi hicho hicho. Anayekata vyote sawa kwa sababu vinapendeza hivyo anapata kitu kinachofanana na antena.

Bara inaingia

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi Bara. CTN na ITV zilianza 1994, DTV ikafuata. Televisheni ya Serikali upande huo, TVT, ilikuja baadaye kabisa, ikawa hewani kufikia mwaka 2000, na tangu 2007 iko ndani ya TBC, Shirika la Utangazaji Tanzania. Kwa hiyo kati ya kituo cha kwanza Visiwani na cha kwanza Bara kuna miaka 20 hivi.

Kwa TVZ hili lilileta kitu kipya: ushindani. Antena za Dar es Salaam ziligeuzwa, na Unguja nako zikaanza kunasa vituo vya Dar. Bahari iliyopeleka picha kusini sasa ilizileta kaskazini, kwa hesabu ile ile ya kipeuo.

Jambo jingine lililoiathiri ni umeme, na hili halina budi kutajwa kwa sababu watu husema “TVZ ilizimika” wakati kilichozimika ni kisiwa. Tangu 1980 Unguja inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara, unaofika nchi kavu Fumba. Waya huo ulipopata hitilafu Mei 2008, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima. Uliposhindwa tena Desemba 2009, giza lilidumu hadi Machi 2010. Mtambo wa kurushia unaweza kuendeshwa kwa jenereta, ila mtazamaji aliye Jang'ombe hana jenereta. Waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi, megawati 100, uliwekwa 2013, na Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wake mwaka 2010.

Kibali kinaondoka: hapa ndipo ZBC mbili zinapozaliwa

Maadamu kituo kilikuwa kimoja na ni cha Serikali, swali la nani ampe nani leseni halikuwepo. Vilipotarajiwa vituo binafsi, haikuwezekana tena mwenye duka awe ndiye mkaguzi wa maduka ya wenzake. Sheria ya mwaka 1997 ikaunda Tume ya Utangazaji Zanzibar. Huyo ndiye afisa wa afya katika mfano wetu wa boflo.

TVZ na redio ya Rahaleo, Sauti ya Tanzania Zanzibar, ziliendelea kuwa vyombo vya Serikali chini ya wizara. Kisha vikaunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, lenye sheria yake ya mwaka 2013. Huyo ndiye muoka boflo. Kwa hiyo TVZ haikufa. Ilibadilishwa jina ikawa ZBC TV, na redio ikawa ZBC Redio.

Tatizo la herufi halikuipata Zanzibar peke yake. Bara ilikuwa na Tume ya Utangazaji ambayo kwa Kiingereza kifupi chake kilikuwa TBC, kabla ya kuunganishwa na tume ya mawasiliano mwaka 2003 na kuzaa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Miaka minne baadaye herufi hizo hizo zikapewa Shirika la Utangazaji Tanzania. Tofauti ni kwamba Bara TBC ya kwanza ilikuwa imeshaondoka. Zanzibar ZBC zote mbili zipo hai. Ushauri wangu kwa waandishi ni rahisi: mkiandika habari ya leseni au onyo, andikeni “Tume”. Mkiandika habari ya kipindi, andikeni “Shirika”. Msomaji atapumua.

Sasa lile tulilosema tutalirudia. Utangazaji si jambo la Muungano, lakini posta na simu ni la Muungano, na masafa yamo upande wa mawasiliano. Matokeo yake ni mgawanyo ambao unawachanganya hata watu makini. TCRA inagawa masafa pande zote mbili, Bara na Zanzibar, kwa sababu mawimbi hayajui mpaka wa Nungwi. Kuhusu maudhui, yaani kinachosemwa na kuonyeshwa hewani, TCRA inasimamia Bara tu, na Zanzibar ni kazi ya Tume. Kituo kimoja cha Unguja kwa hiyo kinahitaji ruhusa mbili kutoka milango miwili, na kukamilisha moja hakukuondolei nyingine.

Mnara nao unaondoka: dijitali

Mwaka 2006 nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana Geneva kwamba matangazo ya analojia, yaani ya mfumo wa zamani kama PAL, yasihakikishiwe ulinzi baada ya Juni 17, 2015. Tanzania haikungoja: Dar es Salaam analojia ilizimwa Desemba 31, 2012, miji mingine ikafuata mwaka 2013.

Sababu ni nafasi hewani. Chaneli moja ya analojia ilikula upana wa megahezi 7 au 8 peke yake. Ndani ya upana ule ule, mfumo wa dijitali uitwao DVB-T2 unaweza kubeba hadi megabiti 40 hivi kwa sekunde, na chaneli ya kawaida iliyobanwa vizuri inahitaji karibu 2. Kubanwa kunawezekana kwa sababu picha nyingi hurudia: msomaji wa habari anasogeza midomo, ukuta nyuma yake hausogei, basi ukuta hautumwi upya mara 25 kwa sekunde. Ukiacha nafasi ya usalama, chaneli 15 hadi 20 zinakaa mahali pa moja.

Rudi kwa boflo. Zamani kila muoka alikuwa na baiskeli yake. Sasa gari moja linabeba mikate ya waoka 20. Hakuna tena sababu ya kila kituo kuwa na mnara, kwa hiyo likaanzishwa daraja jipya la leseni: msambazaji wa maudhui, mwenye gari. Bara leseni hiyo ilipewa kampuni tatu, Star Media, Agape Associates na Basic Transmissions. Zanzibar ikawa na Zmux. King'amuzi chako ni cha mwenye gari, si cha muoka.

Kutojua hili ndiko kulikozua kelele Agosti 2018, TCRA ilipozuia ving'amuzi vya malipo vya satelaiti kubeba chaneli za ndani za kutazamwa bure. Wengi waliamini vituo vimefungiwa. Havikufungiwa, vilikuwa hewani saa zote kupitia wasambazaji wa nchi kavu. Kilichobishaniwa ni leseni ya gari: je, gari lenye kibali cha kubeba mizigo ya kulipiwa linaruhusiwa kubeba na ya bure?

Vya kununua na visivyo vya kununua

“Antena ya dijitali” haipo. Antena ni chuma, haitambui analojia wala dijitali, inatambua masafa tu. Iliyoachwa na mzee ya vijiti vya sentimita 70 haifai kwa sababu matangazo ya dijitali yamo UHF, megahezi 470 kwenda juu, ambako nusu wimbi ni sentimita 32 au pungufu. Kama ya zamani ilikuwa ya UHF, ipanguse chumvi uitumie. Angalia pia vijiti vya mnara vimelala au vimesimama, na vyako viwe vivyo hivyo. Kukosea hapo peke yake kunatosha kukunyima picha.

TV bapa nayo si lazima iwe ya dijitali. Tafuta kwenye karatasi yake maneno DVB-T2. Yapo, unaweza kuchomeka antena moja kwa moja kwa chaneli zisizofungwa. Kama imeandikwa DVB-T bila 2, au haina kabisa, utahitaji king'amuzi.

Pwani kinachoharibu zaidi ni chumvi kwenye maungio. Fungua kiboksi kilicho katikati ya antena, na ukikuta ukijani kwenye shaba hapo ndipo picha yako inapopotelea. Kata waya hadi sehemu inayong'aa, funga upya, ziba kwa silikoni. Kwenye kichwa cha waya, hakikisha hata unyuzi mmoja wa ule wavu wa nje haugusi shaba ya katikati. Tumia waya wa antena wa aina ya RG-6 na uufupishe: mita 20 zinakula karibu nusu ya nguvu, na kigawanyio cha TV mbili kinakula nusu ya iliyobaki kwa kila upande.

Analojia ilikuwa inakuaga taratibu, chenga kidogo, chenga zaidi, kisha sauti tu. Dijitali haina adabu hiyo. King'amuzi kinasahihisha makosa hadi kishindwe, na kikishindwa picha inakatika vipande au inaganda. Kwa hiyo picha nzuri haimaanishi una akiba. Ingia kwenye menyu utazame mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora unarukaruka, usinunue kikuza mawimbi, kwa sababu kinakuza na kelele pia. Zungusha antena polepole, nyuzi 5 kwa mara moja, usubiri sekunde kadhaa kila unaposimama, kwa sababu mstari huchelewa kuonyesha.

Kabla ya kumlaumu mtu, uliza ni kipi kati ya vitatu kimekwama. Imepotea chaneli moja na nyingine zote za king'amuzi kile kile zinaonekana: antena yako haina kosa, tatizo liko studio au kwenye njia kati ya studio na mtambo, wapigie kituo. Zimepotea zote, na kwa jirani mwenye king'amuzi kama chako pia: ni mnara, mpigie msambazaji. Zimepotea kwako tu: tafuta chaneli upya, kisha panda juu ya paa. Na kama picha ni safi ila kilichosemwa kimekukera, hakuna fundi wa kukusaidia. Andika tarehe, saa na jina la kipindi, upeleke kwa Tume ukiwa Zanzibar, au kwa TCRA ukiwa Bara.